Nani Anaandamwa Olkaria?

Mtunzi mmoja anaandika riwaya ya uhalifu. Mahali pake ni Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, kwenye visima vya mvuke. Maiti ya mhandisi inaokotwa karibu na kisima, na kachero anayetumwa kutoka Nairobi ni mtu aliyevunjika: pombe imemshinda, mke amemwacha, usiku halali kwa sababu ya jambo lililotokea zamani katika Bonde hilihili la Ufa. Sura za kwanza amewasomea watu watatu: mwalimu wa fasihi, polisi mstaafu, na kijana wa Kimaasai anayewatembeza watalii katika hifadhi ya Hell's Gate. Nimewaita kwa kazi zao, na maneno yao nimeyapanga mimi, ili swali moja lisipate pa kujificha. Huyu kachero anayeandamwa na yaliyopita, ambaye amejaa katika vitabu na filamu za dunia nzima, ana kazi gani katika nchi ambayo vifo vyake vikubwa bado vinatafuta muuaji? Mimi nina upande katika jambo hili na nitausema njiani.

MTUNZI: Nimemchagua kachero mwenye jeraha kwa kuwa msomaji hachoki naye. Mtazameni Rebus wa Ian Rankin, aliyeingia vitabuni mwaka 1987 huku kumbukumbu za jeshi zikimtafuna. Mtazameni Harry Hole wa Jo Nesbø na chupa yake. Huku Afrika yupo Benny Griessel wa Deon Meyer, polisi wa Cape Town anayepigana na ulevi kitabu baada ya kitabu. Ukimfuata mtu wa namna hiyo una maswali mawili kwa pamoja: nani aliua, na huyu anayemtafuta muuaji atamaliza kazi akiwa mzima? Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi.

MWALIMU: Sisi tulianza na mpelelezi wa aina nyingine, binti. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alitokea mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale, kiko mdomoni na Najum kando yake. Anakaa, anatazama, anafikiri, anafumbua. Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo, 1965, naye ni mtu wa kazi. Kisha wakaja Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambao kizazi changu kiliwasoma chini ya dawati mwalimu akiwa ametupa mgongo. Sikumbuki hata mmoja wao akigutuka usiku, jasho likimtoka.

MTUNZI: Ndiyo sababu leo hawasomwi kama zamani, mwalimu.

MWALIMU: Hapana. Walijibu swali la wakati wao. Bwana Msa aliingia mahali ambapo watu walikuwa tayari kuusingizia mzimu, akaonyesha kwamba muuaji ni binadamu, ana miguu na ana sababu. Hiyo si kazi ndogo. Lakini tumwache Bwana Msa na Unguja yake, twende kwenye riwaya iliyoandikwa juu ya nchi yetu. Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha Petals of Blood mwaka 1977, nayo inaanza na mauaji: wakurugenzi watatu wa kiwanda cha pombe wamekufa motoni Ilmorog. Inspekta Godfrey anakuja. Sasa niambie, humo ndani ni nani anayeandamwa na yaliyopita? Ni Munira, Wanja, Abdulla na Karega. Washukiwa! Inspekta anaiamini sheria, anachukua maelezo, na mwishowe anamjua aliyewasha moto. Amempata mhalifu, lakini yaliyoufanya mji ule kuwa vile ulivyo yamempita kando. Ngũgĩ aliipeleka jana upande wa washukiwa, na naamini alijua anachokifanya.

MSTAAFU: Naweza kusema neno?

MWALIMU: Karibu, afande.

MSTAAFU: Binti yangu, nimesikiliza sura zako. Kijana wako amelewa, ameota, amelia mbele ya kioo, na bado sijamwona akichukua maelezo ya mtu yeyote. Nani alifika wa kwanza penye maiti? Nani aliandika OB, lile daftari la matukio, saa ngapi? Utepe umezungushwa au watu wanakanyagakanyaga tu? Kuna aliyepiga picha, kuna aliyechora ramani ya mahali? Vielelezo vimefungwa na kutiwa alama ili vipelekwe kwa Mkemia wa Serikali, au vimelala kwenye droo? Mimi nilianza kazi wakati idara ya upelelezi, DCI ya leo, ikiitwa CID. Majalada hayafi kwa sababu kachero ana ndoto mbaya. Yanakufa siku ile ya kwanza, mvua inaponyeshea alama za viatu na gari la kituo halina mafuta. Au yanakufa pale afisa anapoanza kukaribia jambo, halafu asubuhi anakuta barua ya uhamisho mezani.

MTUNZI: Lakini afande, mambo ya droo na utepe yatapunguza kasi ya hadithi.

MSTAAFU: Yatakupa hadithi. Umeweka maiti Olkaria na Olkaria huijui. Pale kuna gesi inayonuka yai bovu. Kila anayefika huisikia, na mgeni akiacha kuisikia hudhani imekwisha. Sivyo. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, hutuama kwenye mashimo na mabonde, na ikiwa nyingi sana huiua kwanza pua, halafu ndiyo imuue mtu. Wafanyakazi huvaa kifaa kidogo kinacholia gesi ikizidi. Haya, mhandisi wako amekutwa amekufa: kifaa chake kiko wapi? Kilizimwa? Na nani? Hapo una sura nzima, na hujamnywesha mtu hata tone.

Nimkatize mstaafu hapo, maana amegusa jambo ninaloliona mara nyingi katika miswada ya vijana. Olkaria inachaguliwa kwa sababu ya sura yake: mabomba ya fedha yanayopinda juu ya vichaka, miamba myekundu, twiga wanaopita chini ya nguzo za stima. Lakini mahali penyewe pana mantiki yake, na mantiki hiyo ndiyo mali ya mwandishi wa uhalifu. Mashine ya kwanza ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981, megawati 15, na leo Olkaria ni miongoni mwa sehemu kubwa zaidi duniani za nguvu za mvuke wa ardhini. Kisima kinaweza kushuka karibu kilomita 3. Mabomba yamepindwa kwa makusudi, kwa kuwa chuma hurefuka kikipata moto na kingepasuka kama kingenyooshwa. Hifadhi ya wanyama iko chini ya mamlaka moja, visima chini ya nyingine, ardhi ya vijiji ina wazee na chifu wake, na maiti ni ya polisi. Kachero anayeingia hapo atalazimika kubisha milango minne kabla hajaona damu. Mtunzi aliyezama katika ndoto za shujaa wake ameipita mali hiyo bila kuitazama.

MWONGOZAJI: Mimi nina neno kwa dada mtunzi, kwa heshima. Katika sura ya kwanza umesema mvuke unapanda kama roho za waliokufa. Ukarudia baadaye. Dada, mvuke ule una wenyewe. Unapimwa, unauzwa, unalipiwa bili ya stima Nairobi. Halafu kuna mambo uliyoyaita "siri za kale za Bonde". Siri gani? Mwaka 2014 familia za vijiji vyetu zilihamishwa kuupisha mtambo wa Olkaria IV, zikapelekwa mahali panapoitwa RAPland. Malalamiko yalifika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na usuluhishi ukafanyika. Zipo karatasi, zipo saini. Mzee yeyote wa RAPland atakuonyesha kwa kidole boma lake lilikuwa wapi, ng'ombe walinywa maji wapi. Hakuna kilichofichwa. Kilichopo ni kwamba wageni hawaulizi.

MTUNZI: Niliogopa riwaya isigeuke ripoti.

MWONGOZAJI: Na mimi naogopa nisigeuzwe mandhari. Filamu ya Lara Croft iliyotoka 2003 ilipigwa sehemu yake Hell's Gate, na bado wageni huniuliza ni mwamba upi. Hakuna anayeuliza nani aliishi nyuma ya mwamba. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba kwenye korongo la Ol Njorowa, na mmoja wao alikuwa mwongozaji kama mimi. Mvua kule juu inaweza kunyesha wewe huku chini unapigwa na jua. Kama kachero wako hajui maji ya korongo lile hutoka wapi, atakufa yeye kabla ya kumpata aliyeua.

MWALIMU: Basi niseme linaloniuma mimi. Tarehe 24 Agosti 2000, asubuhi na mapema, mwili wa Padri John Kaiser ulikutwa kando ya barabara kuu ya Nakuru, kwenye njia panda ya Morendat, si mbali na mji wa Naivasha. Alikuwa na jeraha la risasi kichwani. Bunduki na gari lake vilikuwa karibu. Alikuwa Mmarekani wa shirika la Mill Hill, na alikuwa amefanya kazi Kenya tangu 1964. Maela mnaijua, iko upande wa magharibi mwa ziwa. Waliofukuzwa Enoosupukia katika mapigano ya kikabila mwaka 1993 walikimbilia huko, na Desemba 1994 kambi yao ikavunjwa, watu wakapakiwa kwenye malori. Kaiser alikuwa pamoja nao. Baadaye alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi iliyokuwa ikichunguza mapigano hayo, akawataja wakubwa. Alipokufa, FBI wakaitwa. Aprili 2001 wakatoa ripoti yao: padri amejiua. Na moja ya nguzo za hoja ile ilikuwa nini? Kwamba aliwahi kutibiwa ugonjwa wa akili, ule wa moyo kupanda mno kisha kushuka mno. Kwa maneno mengine, alikuwa mtu anayeandamwa.

MTUNZI: Sikuwahi kulitazama hivyo.

MWALIMU: Litazame. Maaskofu Wakatoliki waliikataa ripoti. Serikali ilipobadilika, uchunguzi wa kifo ukafunguliwa mahakamani, na Agosti 2007 hakimu Maureen Odero akaamua kwamba padri aliuawa, na kwamba nadharia ya kujiua ilijengwa juu ya upelelezi wenye kasoro kubwa. Muuaji hakutajwa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa. Sasa wewe unataka kuniletea, si mbali na Morendat, riwaya ambamo kila kisichoeleweka kinaelezwa kwa akili iliyojeruhiwa. Hicho ndicho kifuniko kilicholifunika jalada la Kaiser kwa miaka sita.

MSTAAFU: Hapo mwalimu umesema. Na niongeze moja. Mwaka 1990 alipouawa waziri Robert Ouko, akaletwa John Troon wa Scotland Yard. Mwaka 2000 wakaja hao wa FBI. Mgeni ana vifaa, ana maabara, na hana jina la ukoo la kumtisha mtu. Hilo ni jema. Lakini mgeni huyo akishapanda ndege, aliyeandikisha maelezo kwake anabaki kijijini, na wanaomchukia wanabaki kijijini.

Huu ndio upande wangu. Jeraha la mtu laweza kutueleza kwa nini halali usiku. Haliwezi kutueleza risasi ilitoka upande gani. Riwaya ya uhalifu inaharibika pale inapotumia la kwanza kuziba pengo la la pili, na sura za mtunzi wetu, kwa jinsi zilivyoandikwa hadi sasa, zinafanya hivyo: kila ushahidi unapokosekana, kachero anakunywa, anakumbuka, anatetemeka, na msomaji anapewa huzuni mahali alipostahili kupewa jibu. Katika nchi nyingine hilo ni udhaifu wa sanaa tu. Katika Kenya lina uzito zaidi, kwa kuwa tumeona ofisini, kwa mihuri, jinsi akili ya mtu aliyekufa ilivyofanywa sababu ya kuacha kuuliza. Hata hivyo sidhani kwamba dawa ni kumrudisha Bwana Msa. Polisi asiye na jana, katika Bonde la Ufa, ni uongo mkubwa kuliko polisi mlevi.

MTUNZI: Asante kwa hilo. Na nijitetee kidogo. Kitabu cha uhalifu kilichopendwa sana Kenya ni My Life in Crime cha John Kiriamiti, kilichotoka 1984. Aliyekiandika alikuwa amefungwa kwa ujambazi. Wasomaji walimfuata Jack Zollo, mwizi, kwa sababu alifungua jana yake mwenyewe na hakumwomba mtu huruma. Msomaji wa Kenya alimwamini jambazi kabla hajamwamini polisi. Mimi nataka polisi wangu aaminiwe vilevile, na sioni njia nyingine ila kumvua nguo.

MSTAAFU: Mvue, lakini umvue panapouma. Mimi siwadharau vijana wanaoumia. Tulishika maiti za watoto, tukaosha mikono, tukarudi zamu ya usiku, na hakuna aliyetuuliza. Bunduki kiunoni, na moyoni hakuna wa kukusikiliza. Wengine wamejiua, wengine wameua wenzao na wake zao. Jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kuhusu hali ya polisi lilikabidhi ripoti mwaka 2023, na afya ya akili ilikuwa miongoni mwa mambo yake. Kwa hiyo jeraha lipo, hamjalibuni. Ila nikuambie kinachoniamsha mimi. Si maiti. Kuna mama alikuwa akija kituoni kuuliza habari za jalada la mwanawe. Kituo sikitaji. Alikuja na kitenge kilekile, akakaa kwenye benchi lilelile, na kila alipofika nilimwambia, "Uchunguzi unaendelea, mama." Uchunguzi ulikuwa hauendelei. Nilijua, na nadhani naye alijua. Alinishukuru kila mara kabla ya kuondoka. Hiyo shukrani ndiyo siwezi kulala nayo.

MTUNZI: Alikuja mpaka lini?

MSTAAFU: Mpaka nilipohamishwa. Baada ya hapo alimkuta mwingine.

MWONGOZAJI: Mzee, umesema neno kubwa. Huyo mama yuko hai. Katika riwaya hizi anayemwandama kachero huwa amekufa: mke aliyekufa, mtoto aliyekufa, rafiki aliyekufa. Aliyekufa hadai kitu. Huyu anadai.

MWALIMU: Endelea, kijana.

MWONGOZAJI: Niseme juu ya Samson ole Sisina. Alikuwa afisa wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Tarehe 19 Aprili 2005 yeye na wenzake waliingia shamba la Soysambu, kule Elmenteita, kwa nguo za raia, wakijifanya wanunuzi wa nyama pori, na huko wakawakamata wafanyakazi kwenye kichinjio. Tom Cholmondeley wa ukoo wa Delamere alimpiga risasi akamuua, akasema alidhani ni majambazi. Mwezi Mei mwanasheria mkuu, Amos Wako, akaiondoa kesi mahakamani. Mwaka uliofuata, Mei 2006, mtu huyohuyo akampiga risasi Robert Njoya, fundi wa mawe, katika shamba lilelile. Mwaka 2009 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane. Hicho kifungo kilikuwa kwa kifo cha Njoya. Kwa kifo cha ole Sisina hakikuwepo. Mnatafuta mpelelezi wa Bonde la Ufa? Alikuwepo. Alikuwa na mke na watoto. Alikufa kazini akiwa kwenye upelelezi halali.

MWALIMU: Na Joan Root, mtengeneza filamu za wanyama, aliuawa nyumbani kwake kando ya ziwa Januari 2006. Wanaume wanne walishtakiwa wakaachiliwa. Kuhusu yeye kitabu kimeandikwa, kikasomwa ng'ambo. Alistahili. Lakini cha ole Sisina sijakiona dukani.

Naomba msomaji atulie kidogo na hilo la ole Sisina, kwa maana ndani yake mna riwaya kubwa kuliko ile inayoandikwa. Mpelelezi aliyevaa kiraia anauawa, na utetezi wa aliyemuua unasimama juu ya mavazi yaleyale aliyoyavaa ili afanye kazi yake. Halafu tazama wenzake waliokuwa naye siku ile. Wao walitoka hai. Walirudi kazini, au hawakurudi, na mwaka mmoja baadaye wakasikia kwamba shamba lilelile limetoa maiti nyingine. Fikiria mtu aliyekuwepo, aliyeandikisha maelezo, aliyeiona kesi ikiondolewa, kisha anasoma jina la Njoya gazetini. Huyo haandamwi na kovu la utotoni. Anaandamwa na karatasi yenye saini yake. Iko kabatini mahali fulani, ni ya kweli, na haikufanya kazi yoyote. Mwandishi akimchora mtu wa hali hiyo, akambunia jina na nyumba na shamba lake, hatahitaji chupa.

MTUNZI: Sasa niwaambie ni jambo gani linalomwandama kachero wangu, maana katika sura mlizosikia nimelificha kwenye moshi. Alikuwa konstebo Naivasha, Januari 2008.

MSTAAFU: Tarehe 27?

MTUNZI: Tarehe 27.

MSTAAFU: Binti yangu, hapo nenda polepole. Watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba mtaani Kabati siku ile, wengi wao wanawake na watoto. Jamaa zao wapo. Tume ya Waki iliandika kwamba katika nchi nzima walikufa watu 1,133 katika machafuko yale ya baada ya uchaguzi. Usije ukachukua moto wa watu ukamwashia shujaa wako sigara.

MTUNZI: Ndiyo sababu nilificha.

MWALIMU: Na kwa kuficha umefanya vibaya zaidi. "Moto wa zamani", "mayowe", "harufu". Msomaji wa Kisumu aliyempoteza dada yake atajua unasema nini, msomaji wa Dar es Salaam atadhani ni ajali ya jikoni. Taja mwaka, taja mji. Nyumba uibuni, familia uibuni, ili usimpore mtu msiba wake. Lakini tendo la konstebo lisiwe ukungu. Alikuwa wapi? Aliamriwa nini na nani? Alikuwa na risasi ngapi? Aliona nini akaandika nini? Mukoma wa Ngugi katika Black Star Nairobi aliweka hadithi yake ya upelelezi katika siku zile za uchaguzi wa 2007, kwa hiyo usiniambie haiwezekani.

MSTAAFU: Hapo nakubali, kwa sharti moja. Konstebo asiwe shujaa aliyeshindwa na umati. Wapo walioshindwa na umati, Mungu ni shahidi. Wapo pia waliosimama wakatazama. Mwandike yule wa pili, kama una ujasiri, na umwache aseme mwenyewe, mbele ya mtu mwenye haki ya kuuliza.

MTUNZI: Basi sikilizeni. Yule anayejua nani alikizima kifaa cha mhandisi ni mfanyakazi wa shamba la maua, mwanamke, anaishi Karagita. Usiku ule alikuwa akipita. Kachero anamfuata, na mwanamke anamtambua. Mwaka 2008 alikuwa msichana, na huyu ndiye konstebo aliyesimama barabarani. Anamwambia: nitaandikisha maelezo yangu ukishaandikisha yako.

MWONGOZAJI: Hiyo sasa nataka kuisoma.

MWALIMU: Hata mimi. Jana imeacha kuwa ndoto, imekuwa bei.

MSTAAFU: Ngoja. Akiandikisha maelezo ya 2008, yeye ni shahidi, na huenda akawa mshukiwa. Hawezi kuendelea kulishika jalada la mhandisi huku shahidi wake mkuu ana kesi naye. Wakili wa utetezi atamrarua kizimbani. Lazima alikabidhi.

MTUNZI: Kwa nani?

MSTAAFU: Kwa atakayepangiwa.

MTUNZI: Na kama atakayepangiwa ni mtu wa wale waliotaka mhandisi afe?

MSTAAFU: Hapo ndipo kazi yetu ilipo, binti yangu. Akisema kweli kuhusu jana, analipoteza jalada la leo. Akinyamaza kuhusu jana, hapati shahidi. Niliona maafisa wawili watatu wakisimama katikati ya njia hizo, na sikumwona aliyetoka akiwa anapigiwa makofi.

MWALIMU: Lakini hiyo si riwaya ya kusisimua tena. Ni kesi.

MTUNZI: Mwalimu, wewe mwenyewe umeniambia Inspekta Godfrey alimjua aliyewasha moto, yaliyobaki yakampita. Mimi nataka huyu wangu yasimpite, na nataka yamgharimu kazi. Kama msomaji hatasisimka hapo, sijui atasisimkia nini.

MWALIMU: Atasisimka akimpenda huyo mwanamke. Kwa sasa hana hata jina. Kachero umempa kurasa arobaini, mwanamke umempa sentensi tatu.

MWONGOZAJI: Mpe jina, mpe zamu yake shambani, mpe nauli ya kwenda mjini kuandikisha hayo maelezo. Nauli ile si kitu kidogo kwa mtu wa Karagita. Na akikosa siku kazini hukatwa.

MTUNZI: Nitaanza naye yeye. Afande, uchunguzi wa kifo mahakamani unaendeshwaje? Nani anauliza kwanza?

MSTAAFU: Usiniulize mimi, nitakuchorea picha ya zamani. Nenda mahakama ya Naivasha asubuhi, kabla ya saa tatu. Uliza masjala. Orodha ya kesi hubandikwa ukutani. Tafuta iliyoandikwa uchunguzi wa kifo, kaa nyuma, na uwatazame jamaa za marehemu kuliko unavyomtazama polisi.